Wa Uji

Kila mchezo pale Isevya ulikuwa na mtu wake wa uji:
mdogo, kamasi mbili, kaptura imeshikwa na pini,
anakimbia tukikimbia, anajificha tukijificha,
ila akikamatwa hakukamatwa,
akiguswa hakuguswa.
"Mwacheni, huyo wa uji,"
na mchezo unampita kama maji yanavyopita jiwe.

Wetu alikuwa Mihayo, mdogo wangu,
niliyekabidhiwa kila alasiri pamoja na ufagio na onyo.
Kwenye rede mpira wa soksi ulimgonga kifuani, akacheka.
Kwenye kombolela alijificha nyuma ya mnyaa
usiozidi unene wa kidole,
macho kayafumba,
akiamini giza lake ni letu sote.

Jioni moja treni ya Kigoma ilichelewa tena,
honi haijalia, basi hakuna mama aliyeanza kuita.
Zamu ilikuwa ya Kashindye.
Alihesabu hamsini akiruka thelathini nzima,
akatutoa mmoja mmoja:
Ramla chini ya mkokoteni,
Masele kati ya mizinga ya babu yake, ananuka nta,
Nyanzala juu ya paa la choo,
mimi, kwa sababu ya kikohozi.
Tukapangwa ukutani kama madeni.
Kopo la rangi limesimama katikati ya uwanja,
na Kashindye kando yake, mikono kiunoni, tajiri.

Hakuna aliyebaki.
Yaani, hakuna wa kuhesabiwa.

Ndipo kikatoka kitu nyuma ya mnyaa,
pini haipo,
mkono mmoja umeshika kaptura, mwingine umeshika hewa,
kikaenda, wala si mbio, kikaenda tu,
kikalipiga kopo teke.
Halikufika mbali. Liliviringika kidogo, likalala.
"Bolela!"

Kimya.
Halafu vita.
"Haihesabiki! Ni wa uji!"
"Kopo limeanguka, halikuanguka?"
Masele akaapa kwa mizinga,
Ramla akaapa kwa mama yake aliyeko Urambo,
mpaka Kashindye mwenyewe, machozi yakimlenga,
akaliangalia lile kopo kwa muda mrefu
akasema: "Limeanguka."

Tulimbeba Mihayo mpaka bombani na kurudi.
Usiku alikataa uji.
Alitaka ugali, kama watu.

Kesho yake zamu ikawa ya Ramla.
Mihayo akaenda nyuma ya mnyaa uleule,
akafumba macho yaleyale,
akaonekana wa kwanza.
"Mihayo, toka!"
Akatoka anacheka. Akatungoja tuseme lile neno letu.
Hakuna aliyelisema.

Akaja ukutani, akasimama pembeni yangu,
akapapasa tofali,
akalia kilio ambacho sikuwahi kukisikia kwake,
si cha njaa, si cha kuanguka,
kilio cha mtu aliyehesabiwa.

Nikamsogezea nafasi.
Ukuta ulikuwa bado na joto la mchana.