Maji Tuliyoyapigia Makofi

Jumapili moja ya masika Baba aliazima Noah
ya mjomba Filbati, yenye waipa moja nzima,
ya upande wa abiria.
"Leo tunapanda Pugu," alisema, "tukaone maporomoko."
Mama akatazama dari, kisha ndoo,
kisha akafunga maandazi kwenye gazeti.

Kigogo tuliiacha na matope yake ya kawaida,
yale ya kifundoni, yasiyotisha mtu.
Baba aliendesha amemlalia Mama begani
ili aione barabara.

Juu ya kilima, kando ya bwawa,
kuna nyumba ya wamonaki yenye paa la vigae
na ukimya unaousikia kabla hujazima gari.
Bruda Kolumba alitufungulia,
gambuti zikichungulia chini ya kanzu.
Hakutuuliza dini. Alituuliza kama tumelowa.
Akatuonyesha chombo chake cha kupimia mvua,
chembamba kama chupa ya dawa ya kikohozi,
na daftari: tarehe, milimita, tarehe, milimita,
miaka ishirini na mitatu ya mawingu
kwa mwandiko mmoja.
Alfajiri ile: sitini na nne.
"Ni nyingi?" Baba aliuliza.
"Kwetu huku," alisema, "inapita tu."

Bibi Mwanahija, na buibui lake, na tasbihi mkononi,
alikaa benchi la nyuma kabisa akiwasikiliza wakiimba.
Baadaye akauliza wanasali mara ngapi kwa siku.
"Saba."
Alihesabu kwa vidole. Akarudia.
"Wametuzidi mbili," alituambia garini,
kwa sauti ya mtu aliyepunjwa sokoni.

Sasa, maporomoko.
Yalikuwa marefu kama mlango.
Mlango wa kwetu, si wa benki.
Maji mekundu kama chai iliyosahauliwa jikoni
yakiruka kutoka kwenye mizizi,
na kelele kubwa kuliko umbo lake,
kama shangazi Dafroza.
Tulicheka mpaka Baba akanuna.
Kisha Mama akavua viatu,
Mama huyu anayeshtuka bomba likikohoa,
akaingia chini yake na kitenge chake mwilini
akapiga ukelele: "Sikitu! Sikitu wewe, utaugua!"
Ndivyo tulivyolijua jina lake la utotoni.

Tukapiga makofi.
Tuliyapigia makofi maji, kweli kabisa,
Bibi naye, shanga zikigongana.
Shukuru akatupa ndala moja aone itakwenda wapi.
Ikaenda.
"Yanakwenda wapi haya?"
"Bondeni," alijibu Baba, akikamua pindo la kitenge.
Hakuna aliyeuliza bondeni kwa nani.

Magharibi tuliegesha mbali, kwenye lami,
maana mtaa haukuwepo.
Nyumbani yalikuwa yameingia bila hodi,
mekundu,
yamebeba majani ya mti usioota Kigogo.
Ukutani kuna alama ya penseli ya mwaka juzi.
Yalikuwa yameipita kwa upana wa kidole.
Baba akatafuta penseli.
Ilikuwa inaelea.

Mama aliipandisha chupa ya asali ya wamonaki
juu ya kabati, kwa mikono miwili,
akajifunga upya kitenge kilekile, hakijakauka,
akaanza kuteka. Ndoo, dirisha. Ndoo, dirisha.
Safari hii hakuita jina la mtu.
Bibi, juu ya meza ya kulia, miguu imekunjwa,
alisali sala isiyo ya saa ile.
"Hii ya sita," aliniambia alipomaliza,
akatulia kidogo,
akanuia nyingine.

Na Shukuru alisimama kitandani,
ndala ya pili kaikumbatia kifuani,
akimulika kwa tochi ya simu kila kilichopita mlangoni:
kopo la rangi, kifuu, mwiko wa jirani,
kitu cheusi tulichokiacha kipite.
"Bado," alikuwa akisema.
"Bado."