Nakala ya Pili

Alhamisi, maktaba ya Mildura,
Despina Karvelas kaleta barua ya mwenye nyumba,
imekunjwa mara nne, inanuka vitunguu.
Kiingereza chake ni cha mizabibuni,
cha ndoo na mizani;
barua hii imevaa tai.

Kijana wa wakfu hakusema usijali.
Alifungua kijitabu cha herufi nene,
akaweka kidole ukurasa wa sita:
Barua peke yake haikutoi nyumbani.

Sheria ni msumeno, sawa,
lakini miaka thelathini
mama huyu kashikishwa upande wa meno.

Akasoma tena, kwa sauti, akikwama, akirudi.
Mkutubi akasahau kumnyamazisha.

Kisha Despina akaomba nakala ya pili.
"Ya jirani," alisema. "Naye analia jikoni."