Hauuzwi

Baba alipukuchua mahindi mpaka vidole vikatoka malengelenge,
akasukuma baiskeli hadi gulioni Makere.
Akakuta unga wa kambini umetangulia,
umepangwa chini na watu wenye njaa ya chumvi na sabuni.
Kwenye kila gunia: MSAADA. HAUUZWI.
Ukauzwa.
Debe la baba likakosa hata wa kuuliza bei.

Alirudi na mzigo ule ule,
akiwalaani wafadhili mmoja mmoja, na malori yao.

Mama, Ndayikeza, hakujibu.
Alivuka mpaka wa Manyovu mgongoni mwa dadaye, hajaota meno,
na unga ule ndio uliokuwa uji wake wa kwanza.

Aliligeuza gunia tulilobebea mahindi,
maandishi yakaangalia ndani,
akaanza kushona.