Kati ya Umeme na Radi

Unyusi wa kushoto wa Tihamer naujua kuliko uso wa mke wangu.
Miaka kumi na saba nimeushika kwa vidole hivi,
dakika moja moja, kati ya kengele na kengele,
kijiti cha pamba mdomoni, vaselini mgongoni mwa kiganja.
Ngozi pale sasa ni mfuko wa koti kuukuu:
uzi umeshika uzi,
nguo yenyewe haipo.

Tulitoka Miskolc jana saa kumi alfajiri.
Hita ya gari imekufa. Yeye kajifunika blanketi la mwanawe,
lenye picha za matrekta.
Tunakwenda Rostock: raundi sita, yuro mia tisa,
kijana wa pale pale, miaka ishirini na miwili,
tiketi zimeuzwa kwa jina lake.
Hakuna aliyetuambia tushindwe.
Nani huiambia mvua inyeshe kwenda chini?

Husemwa kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.
Kwao Tihamer koleo la baba lipo, zima, ukutani jikoni;
kilichovunjika ni uhunzi.
Tanuri zilipozimwa, mji mzima ukanuka baridi,
naye akashuka na ngumi mbili kutafuta cha kufua.

Utotoni tulihesabu, vichwa chini ya meza:
umeme — moja, mbili, tatu — radi.
Hesabu ikirefuka, tufani imekwenda zake.
Zamani jicho la Tihamer likimulika
ngumi ilikwisha kunguruma.
Siku hizi anaona. Nakuapia, anaona kila kitu:
bega linaloshuka, kisigino kinachonyanyuka,
kidevu kilichosahauliwa wazi kama dirisha.
Anaona vizuri kuliko alipokuwa na ishirini na sita,
hapo ndipo penye uchungu.
Anaona — moja, mbili —
na ngumi iko njiani bado,
barua kwa mtu aliyekwisha kuhama.

Raundi ya tatu, sijui ilitokeaje,
kijana akaingia mwenyewe kwenye mkono uliochelewa.
Magoti yakamlegea. Ukumbi ukanyamaza,
nikasikia jokofu la bia likivuma kule nyuma.
Mbele, Tihamer! Mbele!
Akasimama anamtazama,
kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata.
Wengine walisema ni huruma.
Mimi nilikuwa nikiitazama miguu yake:
ilikwisha kuondoka, inakwenda nyumbani.

Kijana akapona. Kijana hupona.

Kwenye kigoda nikaukandamiza unyusi.
Damu ikaja bila haraka, nzito, ya mwenye nyumba.
“Wangapi wamebaki?” akaniuliza.
Raundi ngapi, alitaka kusema.
“Tatu.”
Akatikisa kichwa, mkarimu, kama mtu anayepokea wageni watatu.

Daktari alimulika kitochi, akamuuliza tarehe.
Alijibu sawasawa. Nilikuwa nimemwandikia kwa kalamu
kwenye bandeji, ndani ya kifundo.
Mungu anajua hilo, na sasa wewe.

Usiku, barabara kuu, malori ya Wapolandi.
Hawezi kufunga vifungo vya koti; nikamfungia,
naye akatazama juu kama mtoto kwa kinyozi.
“Tumeshapita Dresden?”
“Tumepita.”
Kilomita ishirini. Kituo cha mafuta. Giza.
“Tumeshapita Dresden?”
“Tumepita, kaka.”
Akahesabu noti, akazikunja, akaziweka ndani ya kiatu,
akazitoa, akazihesabu.

Mara ya tatu aliniuliza kwa sauti ya chini,
sauti ya mtu anayeshuku jibu.
Simu yangu ilikwisha kulia mara mbili: Košice, Ijumaa ya pili,
mtu amejitoa, yuro elfu moja.
Mikono yangu kwenye usukani ilikuwa inatetemeka kidogo,
si baridi tu.
“Bado,” nikamwambia. “Lala. Dresden bado.”

Mbali upande wa kulia, juu ya milima, kukamulika.
Nikaanza kuhesabu.