Maji ya Shibiri Moja

Miaka ishirini na sita nimelivuka Nalubaale
nikiwa chini ya mstari wa maji,
fundi wa injini, meli ya mizigo, Port Bell hadi Mwanza,
na ziwa lenyewe nalijua kwa sikio:
linavyogonga bati, linavyokohoa kwenye pampu.
Ndiyo maana kiinua mgongo kilipotoka
nilikwenda Munyonyo kwanza.

Ilisimama juu ya magogo, mashua ya tanga,
mita tisa, mlingoti wa kumvunja shingo anayeutazama,
mkuku wa risasi wa kuzama mita moja na nusu,
vitanda vinne, jiko linaloning'inia
lisimwage chai hata dunia ikilalia ubavu.
Kisawuzi, mwenye mali, akaigonga kwa kidole:
"Hii, dhoruba yenyewe huiamkia."
Nikacheka. Nikapanda. Nikakaa juu, si chini.
Nikaliona ziwa kwa macho,
mkono ukaingia mfukoni peke yake.

Ya pili ilikuwa Mabamba,
imefunikwa turubai la kuanikia kahawa.
Mbao za mvule, tumbo bapa kama sinia,
huelea penye maji ya shibiri moja.
Haina kitanda. Ukipiga chafya, inayumba.
Ssemmambo aliyeiunda hakuisifu,
aliniuliza tu: "Unakwenda kwa nani?"

Kwa nani.

Dada yangu Nabbosa anakaa nyuma ya mafunjo,
gati lake ubao mmoja na maji ya goti.
Kwa ile kubwa ningetia nanga mbali,
ningempungia kitambaa,
naye angenipungia mwiko,
tukarudi kila mtu kwake.

Usiku nilihesabu, na mke wangu akahesabu,
yeye kwa kalamu, mimi kwa mawimbi.
"Huko Mwanza unamjua nani?"
Nikamtaja mpakuzi mmoja, marehemu.
Akafunga daftari.

Nikanunua ndogo.
Msidhani hii ni hadithi ya kutosheka.
Siku ya tatu, njia niliyoingilia haikuwapo:
mafunjo ya huku hayakushika ardhi, huelea,
upepo wa usiku ulikuwa umehamisha mlango.
Kwa saa mbili nikasukuma pondo,
mbu shingoni, tope kwenye kucha,
mimi niliyedhani maji haba hayana kina.
Nabbosa akanisikia nikitukana,
akaniita, akaniita tena,
nikaifuata sauti yake majanini,
kwa sikio, kama zamani.

Tulikula kamongo kwa matoke,
tezi ya mashua ikigusa ukuta wa jiko.

Juzi Kisawuzi alipiga simu, ameshusha bei.
Nikamwambia sina hela, na ni kweli.
Namba yake sijaifuta.