Mstari

Fomu huja kwa posta, Jumanne na Ijumaa,
kutoka hospitali zenye theluji hadi madirishani.
Kila fomu imebandikwa stika mbili:
namba ya kikombe, namba ya shina.
Mimi naziandika. Ndiyo kazi yangu hapa Bergen,
ghorofa ya tatu, mvua ikigonga kioo tangu Septemba.

Mtu mmoja, mstari mmoja.
Torbjørg Myklebust, nyonga ya kushoto, saruji ya aina mpya,
ile ya bei nafuu, iliyosifiwa mkutanoni.
Sikumjua. Nilijua mwaka wake wa kuzaliwa,
na kwamba daktari alitumia dakika tisini na nne.

Baada ya miaka mitatu akarudi kwenye karatasi.
Kimelegea, fomu ilisema. Kimetolewa.
Fomu haina kisanduku cha ngazi
alizoketi katikati yake, hawezi kupanda,
hataki kumwita mtu.

Akaja mwingine, wa Førde. Kisha wawili, wa Tromsø.
Kila daktari alimwona mmoja wake tu,
akalaumu mifupa, uzee, uzito.
Mmoja ni bahati mbaya.
Kumi na tisa si bahati.
Nikachora. Mistari mingine ilishuka taratibu,
kama kilima cha watoto kuteleza;
ule mmoja uliporomoka.

Dakta Espeseth alipiga simu, sauti imemkauka.
"Nimewawekea wengi. Wote walinishukuru."
Sikuwa na jibu. Nikamsomea namba
polepole, kama asomaye majina msibani.
Akanyamaza. Kisha: "Na wangu mimi, ni wangapi?"
Daftari zima lilikuwa likisubiri swali hilo.

Mficha maradhi kilio humfichua.
Na mficha hesabu? Yeye hulala salama;
kilio humwangukia mwingine,
asiyemjua, mwenye fimbo, kwenye ngazi.

Saruji ile haikununuliwa tena.
Hakuna aliyepiga makofi. Nani hushangilia
maumivu ambayo hayakutokea?

Jumapili, njia ya mlimani, bibi mmoja alinipita
kwa hatua za mtu mwenye haraka zake,
nyonga moja ikisita kidogo tu.
Sikumuuliza aina wala namba.
Nilimpisha.

Torbjørg amefariki, mwezi wa pili, kwa moyo.
Hilo nalo nimeliandika: tarehe, basi.
Mstari wake umefungwa.
Haujafutwa.