Insha ya Tsuma

Ishirini na tisa kati ya thelathini na sita
waliamka majogoo yakiwika,
jua likawachomozea kwa madaha,
ndege wakawaimbia bila malipo,
hapa Mikindani, ambako jogoo wa pekee nimjuaye
alichinjwa Idi iliyopita,
na kinachotuamsha ni honi za malori ya makontena.

Nikayaweka madaftari chini.
"Jogoo huyu, nani aliyewafunza?"
Wakanitazama. Kisha Swabra, kwa adabu zake zote:
"Ni wewe, mwalimu."

Kweli, ni mimi. Januari, kwa chaki ya buluu,
niliwapangia ubaoni tamathali kumi za kukariri
kama nami nilivyopangiwa,
na aliyenipangia naye kapangiwa,
jogoo mmoja, yule yule, kizazi hata kizazi,
hachoki kuwika, wala haliwi.

Nikafuta ubao.
Leo hakuna jogoo, nikasema, wala jua.
Niandikieni jambo lililowapata nyinyi,
dogo, hata likienea kiganjani.
Linanuka nini? Nani alisema nini?
Anza katikati, kama mtu anayeingia jikoni
akaikuta sufuria ishaanza kuchemka.

Mghoi akauliza kama ni vibaya kuandika "mimi" mara nyingi.
Nyevu akauliza kama uongo unaruhusiwa, kidogo.
Nikasema kidogo.
Nikasema la.
Sikuwa na hakika.

Tsuma hakuandika.
Dakika kumi, ukurasa mweupe, kalamu mdomoni.
"Mimi hakuna kilonipata, mwalimu."
Nikakiona kidole chake cha shahada,
ncha imekunjamana kama ya mtu aliyeshinda akifua.
"Na hicho kidole?"
"Hiki? Ni maji tu."
"Basi niandikie maji tu."

Hii hapa. Sikuigusa:

*Maji yalikuja saa nane za usiku. Mama aliniita mara mbili, ya tatu akanivuta mguu. Tuna mitungi saba na sita ni mizima. Wa saba una tundu chini. Sabuni ya kuzibia iliisha kwa sababu dada aliiogea. Mama akasema shika hapo. Nikashika. Mama akakaa juu ya ndoo akalala. Mimi sikulala. Nilisikia bomba la jirani linakohoa. Maji yalinisukuma kidole kama mtu anayetaka kupita. Nikasema hupiti. Asubuhi mama aliamka akautazama mtungi akasema, kumbe umejaa.*

Kalamu nyekundu ilikuwa mkononi mwangu,
na mkono una mazoea yake:
ulitaka koma, ulitaka aya,
ulitaka kunata pale mwishoni
*haba na haba hujaza kibaba*.
Nikaikalia kalamu.

Ofisini, Bwana Mwakio akaisoma amesimama.
"Methali iko wapi?
Mtihani hauulizi vidole, mwalimu."
Akairudisha. Lakini nilimwona
akisugua kidole gumba kwa shahada,
polepole, kama anayejaribu kitu.

Siku ya pili Tsuma akaisomea darasa,
mbiombio, kichwa chini, kama anayelipa deni.
Kimya.
Kisha Swabra akainua mkono:
"Na choo? Usiku kucha hukwenda choo?"
"Nilibana."
Darasa likaanguka kwa kicheko, Tsuma naye ndani yake.
"Liandike hilo," nikamwambia.
"Hata hilo?"
"Hilo hasa."
Akalipachika pembeni ya ukurasa, wima,
kwa kuwa nafasi nyingine haikuwapo.

Usiku nikakaa mezani kwangu, daftari jipya,
maana niliwaahidi kwamba nami nitaandika.
*Ilikuwa siku ya*
Nikakata.
*Jua lilikuwa*
Nikakata.
Chai ikapoa, ikaota utando.
Thelathini na sita nawaambia waanze katikati,
na katikati yangu naijua ilipo,
naipita kila siku kama mlango wa mtu ninayemdai,
au anayenidai.

Nikaandika: *Mama aliniita mara moja tu.*

Nikakaa nalo.
Uani bomba likaanza kukohoa.